Sura ya Tatu: Ujiji, Bandari Iliyohamwa na Ziwa

Wengi waijuao Ujiji kwa kuisoma vitabuni huijua kwa ajili ya saa moja tu ya mwaka 1871, saa ambayo Henry Morton Stanley alimkuta Daktari David Livingstone yu hai, na wakaamkiana mbele ya kadamnasi ya Waarabu, Wangwana na Wajiji waliokusanyika kutazama. Maadamu saa hiyo imekwisha simuliwa na wengi na kwa lugha nyingi, sura hii itaipa nafasi inayoistahili, ambayo ni ndogo, na itakaa zaidi juu ya mambo yaliyoufanya mji ule uwe mji miaka mingi kabla ya mgeni yeyote kutoka Ulaya kuutia machoni: chumvi ya Uvinza, mawese, dagaa, ushanga, na mitumbwi iliyochongwa ng'ambo ya ziwa.

Ziwa Tanganyika limelala katika Bonde la Ufa kwa urefu wa takriban kilomita 670, na kina chake, ambacho mahali fulani chafika mita 1,470, hakipitwi na cha ziwa lolote duniani ila Baikal la Urusi. Kwa sehemu kubwa ya mwambao wake milima hushuka wima hadi majini, hata mtu atafutaye kiwanja cha kujenga nyumba kumi karibu na maji huweza kupiga kafi siku nzima asikipate. Lakini upande wa mashariki pana mahali ambapo vilima vya Uha hupungua ukali na kuteremka taratibu kuelekea ziwani, udongo ukawa mzuri, mchikichi ukastawi, na Mto Luiche ukapita karibu, upande wa kusini, ukiacha bonde la rutuba. Hapo ndipo Ujiji. Pana kila kitu ambacho mji hukitaka illa kimoja: hapana ghuba. Ufuo uko wazi mbele ya upepo, na kusi ivumapo katika miezi ya kiangazi mawimbi huupiga bila kizuizi, ilhali kaskazini yake, mwendo usiofika kilomita 10, ipo ghuba ya Kigoma, iliyokingwa na rasi, yenye maji marefu na matulivu. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa ndilo lililokuja kuamua mengi.

Huenda mtu akauliza, na swali lake ni la haki, kwa nini basi wazee wa zamani waliiacha ghuba njema wakakaa penye ufuo wa wazi. Jawabu si gumu. Chombo chao kilikuwa mtumbwi, na mtumbwi hauhitaji ghuba. Unahitaji mchanga wa kuuvutia juu, watu wa kuuvuta, na soko karibu. Nahodha wa merikebu huchagua mahali kwa kupima maji, bali mchukuzi wa mawese na chumvi huchagua kwa kupima njia, na njia zote za nyuma, zile zitokazo Uvinza na zile ziteremkazo kutoka nyanda za juu za Uha, zilikuja kutokea penye ule mteremko mpole. Kwanza lilikuwako soko, bandari ikafuata baadaye, na katika maisha yake yote Ujiji iliendelea kuwa soko lililokaa kando ya maji kuliko kuwa bandari yenye soko.

Nchi yenyewe ilikuwa ya Wajiji, ambao ni katika jamaa za Waha, na Waha walikuwa na milki kadhaa, Heru na Muhambwe zikiwa miongoni mwazo, kila moja ikiwa na mfalme wake aitwaye mwami. Chini ya mwami walikuwako wateko, wenyeji wa ardhi, wagawaji wa mashamba na wasimamizi wa matambiko, ambao nasaba zao yasemekana zilitangulia nasaba za wafalme. Mwami wa Bujiji, ndiyo milki ya Wajiji, alikaa juu milimani, na mila ilimkataza kulitazama ziwa. Wageni waliosikia habari hii waliichukulia kuwa ni ushirikina wa kuchekesha, na wakaiandika kwa maneno mawili matatu wakapita. Lakini mwenye kuifikiri kwa utulivu ataona kuwa ilikuwa na athari kubwa katika siasa ya nchi. Mtawala asiyeweza kushuka pwani hawezi kusimama penye diko kuhesabu mizigo, wala kukutana uso kwa uso na mwenye mtumbwi atokaye Ugoma, ng'ambo ya ziwa, wala kumwona mgeni alalapo na aamkapo. Mambo ya ufuo, kwa hiyo, yaliangukia mikononi mwa wateko na wakuu wadogo, na walipokuja watu wa pwani ya bahari hawakukuta mlangoni mfalme mwenye askari, bali wazee wa mahali wenye kupenda zawadi na wenye kujua bei.

Biashara ya kwanza ya Ujiji ilikuwa ya vitu vya kuliwa. Kutoka Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mito ya Malagarasi na Ruchugi, ilikuja chumvi iliyochemshwa na kukaushwa, na chumvi hii ilisafiri mbali kuliko bidhaa nyingine yoyote ya nchi zile, ikavuka ziwa na kufika kwa watu ambao hawakupata kumwona Mvinza aushi yao. Kutoka Ujiji kwenyewe na pwani ya Urundi yalikuja mawese, mekundu na mazito, yaliyotiwa vyunguni. Kutoka ziwani walikuja samaki, na hasa dagaa, ambao walianikwa juani hata wakawa wepesi wa kuchukulika, wakapelekwa bara penye njaa ya kitoweo. Na kutoka ng'ambo ya magharibi, katika misitu ya milima ya Ugoma, ilikuja mitumbwi yenyewe, kwa kuwa upande wa Ujiji haukuwa na miti mikubwa ya kutosha; gogo moja lilichongwa kule, likashushwa majini, na mnunuzi akaja nalo akipiga kafi. Mji wa bandari unaonunua vyombo vyake vyote ng'ambo ni jambo la nadra, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Waarabu na Waswahili walifika mnamo mwaka 1840, yapata miaka kumi baada ya kutia makao Unyanyembe, mahali paliposimama baadaye mji wa Tabora. Walichokitafuta kilikuwa pembe za ndovu, ambazo zilianza kuadimika karibu na pwani na kupanda bei Unguja mwaka hata mwaka, kwa kuwa mafundi wa Ulaya, Marekani na Bara Hindi walizitaka kwa funguo za piano, vipini vya visu, na bangili za maharusi. Njia ilikuwa ndefu: kutoka Bagamoyo kupita Usagara, kukatiza Ugogo penye uhaba wa maji na wingi wa hongo, yaani ushuru wa njia, hata Unyanyembe, kisha magharibi tena hata kivuko cha Malagarasi, ambako wenye mitumbwi walitoza walivyotaka, maana asiyelipa alibaki ukingoni. Katika miaka ya mwanzo wafanyabiashara hawa hawakuifanya Ujiji maskani. Waliiogopa homa yake na waliiogopa njia yake. Walikuja wakati wa kiangazi, wakauza na kununua, wakaacha wakala wawili watatu, wakarudi Unyanyembe kwenye nyumba zao za tembe na bustani zao.

Hivyo ndivyo walivyoikuta Richard Burton na John Hanning Speke, Wazungu wa kwanza kuandika habari za mahali pale, walipofika Februari 1858 baada ya safari ya miezi saba na zaidi kutoka pwani. Walikuwa katika hali ya kusikitisha: Burton miguu yake imekufa ganzi hawezi kwenda, Speke macho yameingia ugonjwa hata, walipofika kilimani ambako ziwa huonekana kwa mara ya kwanza, hakuona ila ukungu, na ilikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa Bara Hindi na sasa akiwa katika msafara wao, aliyewaambia kuwa yale yang'aayo chini ni maji. Kutoka Ukaranga walipanda mtumbwi, na siku ya pili, tarehe 14, wakafika Kawele, ndiyo diko la Ujiji, maana Ujiji lilikuwa jina la nchi yote.

Burton alikuwa amesikia sifa nyingi njiani. Alitazamia bandari iliyojengwa, yenye magati, majumba na soko la kushindana na Unguja. Akakuta nafasi iliyofyekwa katika matete, ufuo wa changarawe, mitumbwi imevutwa juu, na nyuma yake vibanda vya udongo na nyasi katikati ya migomba na michikichi. Alighadhibika, na kitabu chake kimejaa ghadhabu hiyo. Mkuu wa Kawele, Kannena, amepakwa humo rangi mbaya kuliko mtu yeyote wa safari nzima, kwa kuwa alidai hongo yake bila haya na bila kuchoka. Mimi sioni kosa kubwa la Kannena. Mgeni aliyekuja na mizigo ya nguo na ushanga, asiyenunua pembe wala chumvi, aliyesema kuwa ametoka kwao akavuka bahari ili atazame maji tu, alikuwa mtu wa kushangaza, na mkuu wa soko hutoza ushuru kwa mtu anayemfahamu na kwa asiyemfahamu hutoza zaidi.

Katika ziara ile lipo jambo dogo lionyeshalo jinsi bandari ile ilivyokuwa bado changa. Burton na Speke walitaka kulizunguka ziwa kwa chombo cha tanga, wakaambiwa kuwa jahazi liko moja, nalo ni la Sheikh Hamid bin Sulayyim, akaaye kisiwani Kasenge upande wa magharibi. Speke akavuka kwa mtumbwi mwezi Machi kwenda kulikodi, na njiani mdudu akamwingia sikioni akamtia uziwi wa siku nyingi. Na alipofika alikaribishwa kwa ukarimu wote, akapewa kila kitu illa jahazi. Ikawalazimu kwenda kaskazini kwa mitumbwi ya Kannena hata Uvira, ambako waliambiwa, pasipo wenyewe kwenda kuona, kwamba Mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Basi mwaka ule wa 1858 katika bandari mashuhuri kuliko zote za ziwa hapakuwa hata na jahazi moja la kukodi.

Miaka iliyofuata mambo yalibadilika upesi. Ndovu walipopungua Unyamwezi, wenye mitaji walianza kuvuka ziwa kwenda Manyema na Urua, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili na kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mmoja wa waliopita njia hiyo. Aendaye Manyema sharti avuke, na avukaye sharti angoje: angoje mitumbwi, angoje upepo, angoje habari za vita ng'ambo. Kungoja huko ndiko kulikojenga mji. Mtu angojaye mwezi mzima hujenga banda, angojaye miezi mitatu hulima bustani, na arudiye mwaka baada ya mwaka huoa. Zikatokea nyumba za tembe zenye baraza pana, miembe ikapandwa, mpunga na ngano zikalimwa kwa ajili ya meza za matajiri, na mji ukagawanyika sehemu mbili zilizopakana: Ugoy, walikokaa Waarabu, na Kawele, walikokaa Wangwana, watumwa na wenyeji.

Soko lilikuwa katika kiwanja cha Ugoy, na ndilo lililomvutia kila msafiri aliyepita, hata wale ambao hawakupendezwa na kitu kingine chochote. Humo walikutana Wajiji na mawese na mihogo yao, Wavinza na chumvi, Warundi na mbuzi na nafaka, Wagoma na samaki, watu wa Uvira na Ubwari na vitu vya nchi zao, na wote waliuza na kununua kwa sarafu ambayo haikupigwa na dola yoyote. Sarafu hiyo ilikuwa sofi, ushanga mdogo wa mviringo mrefu, mfano wa vipande vya shina la kiko kilichovunjika. Verney Lovett Cameron, aliyefika Februari 1874, alieleza namna ilivyotumika. Asubuhi, soko lianzapo, walikuwako watu wenye mikoba ya sofi, ambao waliwapa wanunuzi sofi kwa kubadilishana na ushanga wa namna nyingine. Jioni, soko livunjikapo, watu wale wale walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji, wakawapa walichotaka, na wao wakapata faida asubuhi na jioni. Hawa ndio wavunja fedha wa Ujiji, na kazi yao haikutofautiana na ya Mbaniani akaaye dukani Unguja na mizani yake ya reale na rupia, ila kwamba wao walikaa juani. Bidhaa kubwa, yaani pembe na watu, hazikulipwa kwa sofi. Hizo zilikuwa na hesabu yake, ya doti na gora za merikani na kaniki, ya waya za shaba nyeupe na nyekundu, ya baruti na bunduki, na pembe zilipimwa kwa frasila kama ilivyo desturi ya pwani.

Nimetaja watu katika orodha ya bidhaa, wala haifai kulipita jambo hili mbio kwa kuona haya. Ujiji lilikuwa soko la watumwa kabla Burton hajafika, na baada ya njia ya Manyema kufunguka likawa kubwa zaidi. Walivushwa ng'ambo wamerundikwa katika mitumbwi, wengi wao wakiwa wamekwisha tembea majuma mengi kabla ya kufika ziwani, na waliofika hawakuwa wote waliotoka. Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, alifunga soko la watumwa mwaka 1873 chini ya shinikizo la Waingereza, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara kwenda pwani. Amri hizo zilifika Ujiji zimedhoofika, na kwa miaka mingi zaidi watu waliendelea kununuliwa pale, kama si kwa kupelekwa Unguja basi kwa mashamba, kwa kupiga kafi, na kwa nyumba za mji wenyewe. Wakazi wengi wa Ujiji waitwao Wamanyema ni wazao wa waliovuka ziwa katika miaka ile, wengine wakiwa watumwa, wengine wafuasi wenye bunduki, wengine watu huru waliofuata riziki. Na ni wao, kuliko Waarabu waliokuwa wachache siku zote, walioufanya Ujiji mji wa Kiislamu na wa Kiswahili, mji ambao mtoto wake hukua akisema Kiswahili kama lugha ya mama, mwendo wa kilomita zaidi ya 1,200 kutoka baharini.

Mkuu wa jamii ya wageni kwa muda mrefu alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, si Mwarabu wa Omani kama wengi walivyodhani. Stanley, alipomwona kwa mara ya pili mwaka 1876, alimkuta tajiri wa watumwa, bunduki, pembe, ng'ombe, mashamba ya mpunga na ngano, na mitumbwi kadhaa yenye makasia na matanga. Nguvu yake, hata hivyo, haikuwa katika bunduki peke yake. Alikaa na Wajiji kwa masikilizano, akaoa kwao, akajua nani apewe nini na lini, na katika siku zake hapakutokea vita kubwa baina ya wageni na wenyeji, jambo ambalo Waarabu wa Unyanyembe, waliokuwa wakipigana na mtemi Mirambo wa Unyamwezi, hawakuweza kujivunia.

Sasa imefika zamu ya Livingstone. Alifika Ujiji mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1869, mgonjwa wa mapafu hata hawezi kutembea, akiwa amechukuliwa kitandani na watu wa Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye alimwuguza njiani na kumvusha. Mpinzani mkubwa wa biashara ya watumwa aliokolewa na mwenye kuifanya. Yeye mwenyewe alilijua hilo, akaliandika, wala hakujaribu kulifumba. Baada ya kupata nafuu alivuka tena kwenda Manyema, akakaa huko zaidi ya miaka miwili, na huko Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, akashuhudia watu wa misafara wakifyatua bunduki katika soko lililojaa wanawake. Moyo ulimvunjika, akageuka kurudi Ujiji.

Alirudi mwezi wa Oktoba akitumaini kukuta bidhaa alizoletewa kutoka pwani, akakuta hazipo. Mtu mmoja aitwaye Sherifu, aliyekabidhiwa mizigo ile, alikuwa ameiuza yote kwa pembe na watumwa, akitoa hoja kwamba ametazamia katika Msahafu akaona kuwa Daktari amekwisha kufa. Akabaki mzee yule hana hata doti moja, katika mji ambao kila lishwalo tumboni hununuliwa kwa ushanga. Ndipo Sayyid bin Majid, mfanyabiashara wa mji ule, alipomjia faraghani, akamwambia kwamba yeye hana nguo za kumpa, ila anazo pembe, na akamwomba ampe ruhusa auze kiasi ili ampatie bidhaa. Livingstone alikataa kwa wakati ule, lakini hakuyasahau maneno yale. Kwa maoni yangu tendo hili la ukimya, lililotendwa na mtu ambaye wachache hukumbuka jina lake, lina haki ya kukumbukwa Ujiji kuliko ile salamu maarufu iliyokuja baada ya siku chache.

Stanley aliingia mwezi wa Novemba, kwa hesabu ya siku zake mwenyewe, akiwa amezunguka kusini kuikwepa vita ya Mirambo, na akiwa amenyemelea usiku katika nchi ya Uha ili asilipe hongo ya ziada. Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyetoka mbio kumlaki. Wazungu wale wawili walikwenda kwa mtumbwi hata mwisho wa ziwa upande wa kaskazini, wakahakikisha kwa macho kuwa Rusizi huingia wala hautoki, na mwisho wa Desemba wakaondoka pamoja kwenda Unyanyembe. Ujiji ikabaki na shughuli zake.

Katika miaka hiyo hiyo lilikuwa likitendeka jambo ambalo hakuna mtu wa Ujiji aliyelipangia, na lililoubadili mji kuliko misafara yote. Ziwa Tanganyika lina mdomo mmoja tu wa kutokea maji, nao ni Mto Lukuga upande wa magharibi, unaoelekea Kongo. Cameron alipoufikia Mei 1874 aliukuta umezibwa kwa matete na mafunjo, maji yakipenya polepole mno. Stanley alipoupima mwaka 1876 alikanusha kuwa ni mto, akaona ni mkono wa ziwa tu ulioziba. Na mwishoni mwa mwaka 1879 Joseph Thomson aliukuta unakwenda kwa nguvu na kwa kishindo. Wasomi wa Ulaya wakabishana nani mwongo. Hapakuwa na mwongo. Mdomo ulikuwa umezibwa kwa tope na majani, ziwa likajaa mwaka baada ya mwaka likimeza fuo zake, hata mnamo mwaka 1878 kizuizi kikavunjika, maji yakaanza kukimbilia magharibi, na uso wa ziwa ukashuka kama mita 10 katika miaka isiyozidi 20.

Penye mwambao wa jabali mita 10 ni alama nyeupe mwambani, basi. Bali Ujiji, penye mteremko ule mpole ulioipendeza mitumbwi, kila mita iliyoshuka ililipeleka ziwa mbali na nyumba. Palipokuwa diko pakawa kiwanja, palipokuwa kiwanja pakawa shamba, na mahali wanapoonyeshwa wageni leo kuwa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, penye mnara wa jiwe, pako mwendo wa kutosha kutoka majini hata mgeni hushangaa. Ile sifa iliyouzaa mji ikageuka kuwa aibu yake, na kila chombo kilichozidi mtumbwi kwa ukubwa kikaanza kutazama upande wa Kigoma.

Na vyombo vikubwa vilikuwa vikija. Mwezi wa Agosti 1878 waliingia Ujiji wamisionari wa Shirika la London, na miongoni mwao alikuwa Edward Coode Hore, baharia kwa kazi yake, aliyekaa ziwani miaka mingi akipima mwambao na kuandika juu ya upepo, vyombo na uvuvi kwa makini ambayo hayakupatikana kwa mwingine yeyote kabla yake. Mapema mwaka 1879 wakafuata Mapadri Weupe. Waarabu waliwapokea kwa adabu na kwa shaka, wakijua kuwa watu hawa hawakuja kununua pembe, na wenye shaka hawakukosea. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mwinyi Kheri alipandisha bendera nyekundu ya Sayyid Barghash, akawa liwali rasmi. Lakini bendera iliyoko safari ya miezi mitatu kutoka kwa mwenyewe haina kivuli kirefu. Alifariki mwaka 1885, na mahali pake pakashikwa na Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aitwaye Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip na mtu wa tabia nyingine kabisa, ambaye alitaka kutawala pale Mwinyi Kheri alipotosheka na kuelewana. Alipigana kaskazini ya ziwa, akapigana magharibi, na mapema mwaka 1894 Wabelgiji wakamshinda Kongo, akakimbia. Miaka miwili baadaye, 1896, Kapteni Ramsay wa jeshi la Wajerumani akajenga boma Ujiji, na siku za kujitawala za mji ule zikaisha bila vita.

Wajerumani waliukuta Ujiji ukiwa katika miji mikubwa ya bara, wakaufanya makao ya utawala wao, lakini wahandisi wao hawakuangalia wingi wa watu. Waliangalia kina cha maji. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikafika ziwani, kilomita 1,252 kutoka baharini, penye ghuba ya Kigoma. Huko huko ikaundwa meli ya Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg na kuletwa vipande vipande katika masanduku 5,000, ikashushwa majini Februari 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 walipokuwa wakiwakimbia Wabelgiji, ikaopolewa mwaka 1924, na Mei 1927, chini ya Waingereza na kwa jina jipya la Liemba, ikaanza safari zake za abiria na mizigo. Bandari yake ilikuwa Kigoma, na stesheni, na forodha, na ofisi ya bwana wa wilaya, vyote vikawa Kigoma. Ujiji ikabaki na soko lake, misikiti yake, na mitumbwi yake ya dagaa.